Chuma cha Upande wa Kuume

Butembo, tarehe 14 Februari 1965

Yaya Maulidi,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu Septemba. Si ya bunduki. Hizo zilikuwa nyingi mpaka zikafanana. Ni sauti ya mpira unaoburutwa kando juu ya saruji. Siku ile waasi walipomkalisha kaka yangu Ananie kwenye usukani wa Chevrolet ya baba awapeleke, motokari ilikata kona ya uwanja wa depo yetu polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na magurudumu ya mbele yakalia. Kilio kirefu, chembamba. Halafu ikashika udongo wa barabara, ikanyamaza. Muda si mrefu ikatoka barabarani kwenye kona moja baada ya Maboya, ikalala bondeni.

Wewe ulikuwa dereva wa baba kwa miaka sita, kwetu ukawa yaya, kaka mkubwa, na siku ile ulikuwa umesimama kwenye mlango wa depo. Nilikuona. Kwa hiyo nakuuliza wewe: kwa nini motokari iliyokwenda polepole vile ililia?

Nitakuambia kwa nini nauliza leo, miezi mitano imeshapita. Wiki jana watu arobaini waliivuta kwa kamba kutoka bondeni, na lori la baba likaileta nyumbani. Ilikuwa imelalia upande wa kushoto. Milango ya upande huo imebonyea na gurudumu la mbele limekunjwa kama mguu wa kuku, lakini upande wa kuume hauna hata mkwaruzo. Baba aliwasha mashini, ikaitika. Akasema mbele yetu sote, Ananie akiwa hapo hapo na sahani yake: "Motokari ilikuwa nzima. Mikono ndiyo ilikuwa mibovu."

Anasema hivyo karibu kila siku, kwa maneno mengine. Mguu wa Ananie, uliovunjika siku ile, umepona lakini umebaki mfupi. Yeye ndiye aliyekuwa apewe njia ya Butembo na Beni, apeleke watu na mizigo. Sasa anashona magunia pamoja na mama, na akisikia lori linapita anainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano.

Mimi nafundisha darasa la tano kwa masista. Nina rula ya mita moja na ninajua hesabu. Nifundishe kunyoosha miguu ya mbele ya motokari hii. Nataka iende sawasawa, na njiani nataka kujua ni nini kilichoiangusha. Kama ni mikono ya kaka yangu, basi nijue hivyo na ninyamaze.

Adèle Kavira

*

Beni, 23 Februari 1965

Mademoiselle Adèle,

Salaam. Barua yako imefika kwa mukono wa Kadogo, yule muchuuzi wa mafuta ya ngazi, mawese. Mimi niko muzima, mama yangu pia. Nilifurahi kusikia mashini iliwaka.

Mambo ya sauti, siwezi kujua. Ile siku makelele ilikuwa mingi.

Kazi ya kunyoosha iko hivi. Inua mbele na kriki, mupira usiguse chini. Shika mupira juu na chini, tikisa. Kama unacheza, ni ule musumari munene wa kusimamisha roue, ile gurudumu, umekula bushi yake, pete ya ndani. Unahitaji bushi mupya ya shaba. Muyisa wa Vulamba iko na mashini ya kuchonga, atakufanyia. Kiisha shika kushoto na kuume, tikisa tena. Kama unacheza hivyo, ni viungo vya direction, vyenye kugeuza roue. Donc utaona vyuma viwili vyenye kutoka katikati, kimoja kinaenda kwa kila roue. Kila kimoja iko na bomba lenye nyuzi ndani, sawa za skrubu. Ukizungusha bomba, chuma kinakuwa kirefu ao kifupi, na roue inageuka uso.

Chora alama na chaki kwa mipira miwili, upande wa mbele, urefu wa katikati ya roue. Pima kutoka alama mpaka alama. Sukuma motokari mpaka zile alama ziende nyuma. Pima tena. Mbele ikuwe ndogo kuliko nyuma kwa milimetre mbili, tatu. Roue za mbele zinapashwa kutazamana kidogo, sawa batu wawili wenye kuelewana. Zikigeuziana mugongo, kila moja itafuata barabara yake.

Fungua upande wa kushoto tu, ule wenye kuanguka. Wa kuume hapana gusa. Ule uko muzima, mimi mwenyewe niliufunga.

Usalimie muzee na mama. Usalimie Ananie.

Maulidi

*

Butembo, tarehe 12 Machi 1965

Yaya Maulidi,

Nina shaba kwenye kucha, na sista mkubwa ameniuliza kama nimeanza kupaka rangi.

Muyisa alikuja na bushi zake mfukoni, zimefungwa kwa jani la ndizi. Aliponiona nimelala chini ya motokari na rula yangu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mademoiselle, hii rula si ya kuchapia batoto?"

"Leo itakuchapa wewe kama bushi zako haziingii."

"Ziingie namna gani? Nilizichonga kwa macho."

"Basi toa macho, tuzipime."

Mbili ziliingia, moja ikarudi Vulamba kupunguzwa unene wa karatasi. Tulinyoosha mkono wa chuma wa kushoto kwa moto na nyundo, tukabadilisha kiungo kimoja. Halafu nikapima kama ulivyosema. Mara ya kwanza mbele ilikuwa pana kuliko nyuma kwa milimita ishirini na sita. Nikazungusha bomba la kushoto, la kushoto peke yake, mpaka mbele ikawa ndogo kwa mbili. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza mtihani.

Jumamosi tulipakia magunia manane ya maharagwe, Muyisa akashika usukani, mimi kando yake. Yaya, motokari ilikwenda kama mbuzi mwenye kamba ndefu. Inakwenda kushoto kidogo, inarudi, inasahau tena. Na kuna jambo jingine: ikienda moja kwa moja, usukani umekaa upande, kama kofia ya mlevi. Ikikata kuume inakata vizuri. Kushoto inagoma kabla ya kufika mwisho. Muyisa anasema ni uzee. Mimi siamini kwamba uzee unachagua upande.

Sasa habari ya nyumbani, ambayo ungeisikia kwa vyovyote. Baba amekuandikia. Anataka urudi tarehe 20 Mei, ushike Chevrolet, na baadaye lori. Alisema mezani: "Maulidi hakunivunjia hata kioo." Ananie aliondoka na sahani yake. Sina neno baya juu yako. Ulimfundisha Ananie kuendesha, ulitubeba sote. Lakini ukikaa kwenye kiti kile, Ananie atabaki kwenye magunia maisha yake yote, na atakubali kwamba ndipo mahali pake. Naona ni haki ujue.

Adèle

*

Beni, 21 Machi 1965

Mademoiselle Adèle,

Ulipima motokari tupu. Ni kosa la batu ba vitabu, hapana kasirika. Motokari haipimwe tupu. Ukitia magunia nyuma, pua inapanda, miguu ya mbele inageuka, kipimo kinakimbia. Sisi tunapima na muzigo wake na batu bake. Tia yale magunia manane, tia mutu mwenye kilo za dereva kwa kiti cha dereva, tia mama nyuma kama ni yeye atasafiri. Bote bakae kimya, bapumue. Kiisha pima.

Mambo ya volant kukaa upande, si kitu. Itoe, uirudishe sawa. Hakuna haja ya kufungua kingine.

Barua ya muzee niliipata. Nilimujibu ndiyo. Mademoiselle, garage yenye nilikuwa nafanya kazi hapa ilichomwa. Tangu mwezi wa kumi na moja nasukuma baiskeli ya chumvi mpaka Eringeti, kwenda siku mbili, kurudi siku mbili, na mama yangu anakula mara moja kwa siku. Ananie ni ndugu yangu, Mungu anajua. Mais mutu mwenye njaa hapana kataa mulango wenye kufunguka.

Maulidi

*

Butembo, tarehe 5 Aprili 1965

Yaya Maulidi,

Nilifanya ulivyosema, nikapakia magunia. Mama akapanda nyuma na kikapu chake, akasema kama ni kukaa tu, kazi hiyo anaiweza. Kiti cha dereva kikabaki. Muyisa ni mwembamba, baba alikuwa sokoni. Nikaenda kwa Ananie.

"Njoo ukae kwenye motokari. Nahitaji uzito wako."

"Tia gunia."

"Gunia halina miguu ya kukanyaga fren."

"Kumbe mimi ni kilo sabini tu kwako."

"Sitini na tano, tangu uache kula."

Mama akapiga kelele kutoka nyuma: "Ninyi wawili, mimi naiva humu! Ananie, panda, ama nitateremka nikubebe mgongoni sasa hivi."

Akapanda. Tangu Septemba hakuwa amegusa mlango ule. Mimi nilikuwa chini na chaki, naona viatu vyake tu. Nilipima mbele, tukasukuma, nikapima nyuma. Kipimo kilikuwa kimekimbia milimita saba, wewe ulisema kweli. Nikaongeza kidogo kwenye bomba la kushoto. Halafu nikamwomba azungushe usukani mpaka mwisho wa kuume, kisha mpaka mwisho wa kushoto. Ulipogoma upande wa kushoto, akaujaribu tena. Akasema, si kwa nguvu:

"Adèle, siku ile ilikuwa inanivuta. Tangu hapa kwenye saruji ilikuwa inanivuta. Nilifikiri ni mikono yangu inatetemeka kwa woga."

Mama akaacha kujipepea.

Sikutoa usukani, yaya. Nilifikiri hivi: magurudumu mawili sasa yanatazamana inavyopasa, lakini usukani uko upande. Basi kilichorudisha hesabu ni chuma kimoja peke yake kulipia kosa la chuma kingine. Kama mtoto anayeandika jibu sahihi baada ya makosa mawili. Nikaenda upande wa kuume, ule uliosema nisiguse.

Bomba la kuume limezungushwa. Kwa kila mwisho kuna nyuzi tatu nje, zinang'aa, wakati mahali bomba lilipokaa miaka yote pana mstari wa matope makavu, mgumu kama chokaa. Motokari iliangukia kushoto. Upande wa kuume haukuguswa na jiwe, wala na Muyisa, wala na mimi. Kuanguka hakuzungushi bomba mizunguko mitatu na kulifunga tena. Na lilifungwa vizuri, kwa waya wa shaba, mafundo matatu, mkia umekunjwa kwa ndani usimchome mtu. Nimeona mafundo hayo kwenye kila kitu ulichofunga katika nyumba hii, hata kwenye kiti cha bibi.

Nilirudisha bomba kwenye mstari wake. Kisha nikarudisha la kushoto. Nikapima tena, Ananie na mama wakiwa bado ndani. Usukani sasa umekaa katikati, na unakwenda sawa pande zote mbili.

Sijamwambia mtu. Niandikie: nani alizungusha chuma cha kuume, na lini?

Adèle

*

Butembo, tarehe 24 Aprili 1965

Yaya Maulidi,

Kadogo anasema alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja. Pasaka imepita. Baba amefagilisha chumba chako.

Nangoja.

Adèle

*

Beni, 2 Mei 1965

Adèle,

Ni mimi.

Jana yake bale waasi balikuwa kwa muhindi wa pale chini. Motokari yake haikukuwa na batri, balimupiga mpaka hakusimama tena, balisema ni sabotage, aliharibu makusudi. Nikafikiri: kama natoa kitu, watamuua muzee. Kama naacha nzima, wataenda nayo. Donc asubuhi nikaingia chini, nikazungusha cha kuume, mizunguko mitatu. Nilifikiri wataijaribu hapo kwa uwanja, wataona inakwenda mubaya, wataacha. Walijua kuendesha kidogo tu. Motokari yenye kukataa, mutu anaiacha. Ile ndiyo akili yangu yote.

Sikujua watamutia Ananie. Walipomuvuta, mimi nilikuwa kwa mulango. Nikifungua kinywa, mimi nakufa, na muzee kando yangu. Nilinyamaza. Iliponyamaza ile sauti yenye unasema, mimi bado niliisikia. Naisikia kwa baiskeli ya chumvi.

Kwa nini sikusema kiisha? Mbele niliogopa, kiisha nilipata haya, kiisha muzee akaniita kazi. Kila mwezi neno linakuwa zito.

Na wewe, Adèle, nitakuambia kitu chenye hujaandika. Ulikuwa kwa dirisha la juu. Ananie alikutazama sawa mutu mwenye kuuliza. Ukamuambia: "Nenda tu, yaya, Maulidi alikuwa chini yake asubuhi, iko tayari." Niliyasikia. Ni kwa ile neno alikwenda bila kusimama.

Tunyamaze, sisi wawili. Motokari sasa imenyooka. Nitakuja tarehe 20, nitamupandisha Ananie kando yangu, polepole nitamurudishia volant. Muzee atasahau. Hakuna mutu ataumia tena.

Maulidi

*

Butembo, tarehe 15 Mei 1965

Yaya Maulidi,

Barua yako niliisoma mara nyingi. Sehemu ya kwanza nilikuwa naijua kwa mikono yangu. Sehemu ya mwisho ilinikuta nimeketi kitandani, na nikakaa hapo mpaka chakula kikapoa.

Ni kweli. Nilisema hivyo kutoka dirishani. Nilikuona chini ya motokari asubuhi, nikafikiri unaitengeneza, maana sikuwahi kukuona ukifanya jambo jingine kwa motokari ile. Nilitaka asiwacheleweshe wale watu. Nilijiambia kwamba natafuta ukweli kwa ajili ya Ananie, na kila barua niliyokuandikia ilizunguka neno lile bila kuligusa. Nilitumaini utanipa sababu ya chuma, bushi ya kuchakaa, jiwe barabarani, kitu kisicho na jina la mtu.

Sikulaumu kwa asubuhi ile. Ningekuwa na akili ya chuma kama yako, labda ningefanya hivyo hivyo. Sikulaumu hata kwa mlango wa depo. Nani angefungua kinywa? Lakini miezi minane Ananie amekula akiambiwa mikono yake ni mibovu, na wewe umekubali kiti chake. Na mimi nilimsikia akisema "ilikuwa inanivuta", nikaendelea kupima. Unasema tunyamaze na hakuna atakayeumia. Yaya, yeye anaumia sasa hivi, kila saa ya kula.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliwaomba baba, mama na Ananie wabaki mezani. Niliwasomea barua yako yote, bila kuruka mstari. Nilipofika kwenye neno langu la dirishani, baba aliinua mkono niache, akidhani nimechoka. Nikaendelea. Nikasema: "Hilo nililisema mimi. Ananie alinitazama aulize, mimi nikamjibu."

Mama alisema "Ee Yesu" na akafunika uso kwa kitambaa. Ananie alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa ndani, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekopesha akikagua kama ni kile kile.

Baba alitoka. Tulimwona ameketi ndani ya Chevrolet, kiti cha nyuma, mlango wazi, kofia magotini. Alikaa muda mrefu. Unamjua: msamaha haujui njia ya kinywa chake. Aliporudi alisimama mbele ya Ananie, akasema tu, kama mtu anayeuliza habari ya mvua:

"Jumapili ijayo, nani atanipeleka misa?"

"Muyisa yuko," akasema Ananie.

"Muyisa anaendesha kama anakimbizwa na nyuki. Nimekuuliza wewe."

Ananie akasema atafikiri. Jumatatu kabla ya jua kupanda nilisikia mashini inawaka. Alizunguka uwanja mara moja, akasimama, akazunguka tena upande wa pili. Halafu akateremka mpaka sokoni na kurudi. Jumanne akafika Vulamba. Alhamisi akapakia magunia, akaniita nikae kando yake, na kwenye barabara iliyonyooka akaachilia usukani kwa hesabu ya kumi. Haikwenda kushoto wala kuume. Alihesabu kwa sauti, kwa Kinande, kama tulivyokuwa tunahesabu tukiwa watoto.

Juu yako baba alisema neno kali, sitaliandika. Alitaka kukutumia barua ya mistari miwili na kukufungia mlango. Mimi nilisema maoni yangu, na mama akasema ya kwake. Ananie alitusikiliza sote, kisha akasema kwamba jambo hili ni lake, si la baba wala langu, na kwamba hapendi lijibiwe kwa karatasi.

Kwa hiyo barua hii sikumpa Kadogo. Mtu aliyekukabidhi ameendesha mwenyewe kutoka Butembo leo asubuhi, amepita ile kona ya Maboya, na amesoma kila mstari kabla yako. Amesimama mbele yako. Usinijibu mimi.

Adèle Kavira